Darasa la Watu Watatu

Kila siku ya masomo, ilipofika saa moja asubuhi, Mwenya alikuwa amekwisha kufagia sebule na kusogeza meza karibu na ukuta. Mama yake, Mama Delphine, alifuta ubao mweusi kwa kitambaa chenye maji. Mdogo wake Nono, mwenye umri wa miaka minane, alileta chupa yake ya maji na kukaa karibu na dirisha. Kisha wote watatu walisimama, wakafanya ishara ya msalaba, wakasali Baba Yetu na Salamu Maria, na masomo yakaanza.

Saa hiyohiyo watoto wa mtaa wao, hapa Katuba mjini Lubumbashi, walikuwa wakipita barabarani kwenda shuleni. Mwenya hakuhitaji kuchungulia. Alizijua sauti zao. Alijua nani anacheka, nani anakimbia kwa kuchelewa, nani amesahau kalamu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kwa miaka mitano alikuwa amepita njia hiyo pamoja nao, akishikana mikono na rafiki yake Kiki. Sasa alisikiliza mpaka nyayo za mwisho zilipopotea. Baada ya hapo mtaa ulinyamaza, ikabaki sauti ya chaki.

Uamuzi wa kusomea nyumbani ulifanywa mwezi wa nane. Nono alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao mjini Lubumbashi watu wengi huuita SS. Alipopatwa na baridi au uchovu mwingi, mifupa yake iliuma vibaya mno, na mwaka uliotangulia alikuwa amekosa masomo kwa miezi minne. Mama Delphine, aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka kumi na miwili, aliacha kazi ili amsomeshe nyumbani. Baba yao, Papa Faustin, alikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi wa shaba upande wa Kinsevere, naye alirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Jumapili moja alimwita Mwenya barazani.

“Nono hawezi kusoma peke yake,” alisema. “Mutoto mumoja mbele ya ubao atachoka upesi. Tunapenda musome wote wawili hapa, mwaka mumoja kwanza. Unaona namna gani?”

Mwenya alimtazama mdogo wake, aliyekuwa uani akimpikia mwanasesere bukari, yaani ugali, ya udongo. Angejibu nini? Aliona kwamba kukataa kungekuwa kama kumlaumu Nono kwa ugonjwa ambao hakuuchagua.

“Iko sawa, papa,” alijibu.

Haikuwa sawa, lakini hakuna aliyejua.

Mwezi wa kumi, baada ya Misa ya Jumapili, Mwenya alimwona Kiki kwenye uwanja wa kanisa. Alimkimbilia.

“Weye Mwenya! Unapoteaka wapi?” Kiki alimkumbatia. Kando yake alisimama msichana mrefu mwenye nywele zilizosukwa vizuri. “Huyu njo Keren. Tunakaa naye kwenye benchi moja. Keren, umuambie ile ya mwalimu na mbuzi!”

Keren alianza kueleza, lakini kabla hajafika katikati yeye na Kiki walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko. Mwenya alicheka pia, ingawa hakuelewa mbuzi huyo alitoka wapi wala mwalimu alifanya nini. Kisha akasimama tu, mikono nyuma, akingoja wamgeukie. Hawakumgeukia mpaka mama yake Kiki alipoita.

Njiani kurudi nyumbani, Mama Delphine aliuliza, “Umesalimiana na Kiki?”

“Ndiyo, mama.”

“Iko muzima?”

“Iko muzima.”

Mwenya alitembea nyuma kidogo, akihesabu hatua zake.

Mvua zilipoanza mwezi wa kumi na moja, Nono alizidiwa. Maumivu yalimshika magotini, yakapanda mgongoni, na Mama Delphine akampeleka hospitalini, ambako walikaa siku nne. Papa Faustin alikuwa mgodini. Mwenya alilala na kula kwa jirani yao, Mama Kasonde, lakini asubuhi alirudi nyumbani kusoma, kama mama yake alivyomwagiza.

“Fanya kurasa hizi za hesabu,” mama alikuwa amemwambia kwa haraka, akifunga nguo za Nono kwenye kitenge. “Ukishamaliza, njo ufungue kitabu cha masahihisho ujikosoe. Nakuamini.”

Nyumba ilikuwa tupu. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata Mwenya hakuweza kusikia kama watoto wa shule walikuwa wamepita. Alisoma swali la kwanza la sehemu, akalisoma tena. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Hakukuwa na mtu wa kumgusa kwa kiwiko na kunong'ona, “Weye umepata ngapi?” Alikaa muda mrefu akitazama ubao usio na maandishi. Mwishowe alivuta kitabu cha masahihisho, akanakili jibu la kwanza, kisha la pili. Kufikia saa nne kurasa zote zilikuwa zimejaa. Ili asishukiwe, alikosea mawili kwa makusudi.

Mama Delphine aliporudi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alilifungua daftari akiwa bado amesimama mlangoni.

“Kumi na nane juu ya ishirini! Peke yako?” Akamshika shavu. “Mutoto yangu, umenipunguzia muzigo.”

Mwenya aliinamisha kichwa. Alitaka kusema, ila mama alionekana amechoka sana, na furaha hiyo ndogo ilikuwa ya pekee aliyoipata wiki nzima.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Asubuhi nyingi Mama Delphine alikaa na Nono, aliyekuwa nyuma kimasomo, naye Mwenya akaachiwa kazi zake kwenye kona. Alama zikapanda. Mama alimsimulia papa kwenye simu, akawasimulia wanakwaya wenzake wa parokia.

Wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, Mama Delphine alimwomba Mwalimu Chola, aliyefundisha naye zamani, amruhusu Mwenya kufanya mtihani wa muhula pamoja na darasa lake la sita. Mwenya aliketishwa peke yake kwenye benchi la mwisho. Mbele aliziona shingo za Kiki na Keren, zimeinama sambamba. Alipogeuza karatasi ya hesabu, aliziona sehemu zilezile, kanuni ya tatu ileile ya uwiano. Alizitambua zote kwa sura. Hakujua kufanya hata moja.

Siku tatu baadaye Mwalimu Chola alikuja nyumbani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikataa kiti, akatoa karatasi kwenye mkoba.

“Mama Delphine, mimi sielewi,” alisema polepole. “Hesabu, nne juu ya ishirini. Sarufi, sita. Nimesahihisha mara mbili.”

Mama Delphine alizipokea karatasi, akaziangalia moja moja. Mwenya, aliyekuwa akimkunjia Nono nguo chumbani, alisikia kila neno.

“Kosa si lake,” mama alisema. “Kosa ni langu. Mambo ya ugonjwa yamenichukua kichwa. Nimesomesha watoto ya watu miaka kumi na miwili, wa kwangu nimeshindwa.”

Jioni hiyo alimpigia Papa Faustin simu. Uamuzi haukuchukua muda: mwezi wa kwanza Mwenya angerudi shuleni. Nono angebaki nyumbani peke yake, na Mama Delphine angemtafutia mtu mwingine wa kumfundisha, kwa sababu hakujiamini tena.

Kurudi shuleni! Mwenya alijilaza kitandani na kukumbatia mto. Angepita tena barabarani asubuhi. Angejua habari ya mbuzi. Hakuhitaji kufanya lolote isipokuwa kunyamaza.

“Yaya,” Nono alimwita dada yake kutoka kitanda cha pili. “Ukienda, mimi nitasoma na nani?”

“Utasoma na mwalimu mupya.”

“Mama amelia. Amesema hajue tena kufundisha. Ni kweli?”

Mwenya aligeukia ukuta.

Kesho yake asubuhi hakuna aliyefagia sebule wala kusogeza meza. Mama Delphine alikuwa amepanda juu ya kiti, akilegeza misumari iliyoshikilia ubao. Msumari mmoja ulikuwa umekwisha kutoka, na ubao ulining'inia upande. Mwenya alimwona jinsi alivyofanya kazi hiyo bila kupumzika, midomo imekazwa, kama mtu anayeondoa kitu cha aibu kabla wageni hawajafika.

“Mama, ushuke,” alisema.

“Nitamaliza sasa hivi.”

“Mama, si weye. Ni mimi. Nilinakili. Tangu mulipokuwa hospitalini nilinakili majibu kwenye kitabu cha masahihisho. Yote. Hata yale makosa mawili niliyaweka kwa makusudi.”

Mama Delphine aliteremka. Alikaa juu ya kile kiti, nyundo mapajani. Hakupiga kelele, na Mwenya angependa zaidi apige kelele.

“Wiki ngapi?” aliuliza.

“Tano.”

“Kila siku ulinitazama usoni ukapokea sifa.”

“Ndiyo, mama.”

Nono alitokea mlangoni, akaona nyuso zao, akarudi chumbani.

“Juu ya nini?” mama aliuliza mwishowe. “Sehemu zilikushinda? Ungeniuliza.”

Machozi yalimtoka Mwenya kabla ya maneno. “Niko peke yangu, mama. Weye uko na Nono. Papa iko Kinsevere. Kiki amepata mwingine. Ninafungua kitabu, ninaona niko peke yangu, na akili inakataa. Nilinakili ili asubuhi iishe upesi. Sikupenda kusema, juu Nono ni mugonjwa. Mimi si mugonjwa. Mimi nilalamike ya nini?”

Mama Delphine aliweka nyundo sakafuni. Alimvuta binti yake karibu, lakini uso wake haukulegea.

“Umenidanganya, na kuna malipo,” alisema. “Likizo yote ya Noeli tutarudia kazi za wiki tano, ukurasa kwa ukurasa, bila kitabu cha masahihisho. Na Mwalimu Chola utamuambia weye mwenyewe, kwa kinywa chako.” Alimfuta machozi. “Lakini mengine yale, ya kukaa peke yako, hayo si kosa lako. Nono akiumwa anatuambia ni goti, ni mgongo, na sisi tunajua la kufanya. Weye uliumwa miezi mitatu, ukatuambia uko muzima.”

Likizo ilikuwa ngumu. Wenzake wakicheza mtaani, Mwenya alipambana na sehemu. Siku nyingine alilia juu ya daftari. Siku nyingine Nono alikaa kando yake, akamhesabia maharagwe ili aone nusu na robo. Kwa Mwalimu Chola alikwenda, akaeleza yote mwenyewe. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema tu, “Vizuri. Sasa ninaelewa,” na akamwahidi karatasi nyingine ya mtihani baada ya sikukuu.

Papa Faustin aliporudi kwa Noeli, aliambiwa yote. Alimkaripia Mwenya vikali, kisha akamuuliza alilopaswa kumuuliza mwezi wa nane: “Unapenda kurudi ku shule? Sema ukweli leo. Hakuna atakayekasirika.”

Mwenya alifikiri. “Ninapenda,” alisema. “Lakini ninapenda pia kumaliza mwaka huu na Nono. Ninachoogopa ni siku zile za kimya.”

Basi wakapanga upya. Mwenya angemaliza mwaka nyumbani na kurudi shuleni mwezi wa tisa. Angeingia kwaya ya watoto ya parokia, inayofanya mazoezi kila Jumatano. Jumamosi asubuhi Mama Delphine angefungua mlango kwa watoto wa mtaa waliotaka kusaidiwa imla. Na meza ya Mwenya ingetoka konani, iwekwe pamoja na ya Nono.

Mwezi wa kwanza alipata kumi na mbili juu ya ishirini katika hesabu. Mama Delphine aliichunguza karatasi kwa makini zaidi kuliko zile zote za zamani.

“Kumi na mbili hii ni yako,” alisema, na safari hii Mwenya hakuinamisha kichwa.

Upweke haukuisha. Jumamosi Kiki alikuja, na mara nyingi Keren alikuja naye. Wakawa marafiki watatu, lakini haikuwa kama zamani, na jioni walipoondoka wawili hao kwa pamoja, Mwenya alihisi tena ule utupu. Kulikuwa na asubuhi ambazo barabara ilinyamaza mapema mno.

Asubuhi moja kama hiyo, wiki chache baada ya Pasaka, aliweka kalamu chini katikati ya imla.

“Mama, leo ninahuzunika,” alisema. “Sijui juu ya nini. Ninahuzunika tu.”

Mama Delphine alifunga kitabu. Alivuta kiti, akakaa katikati ya binti zake wawili.

“Mimi pia,” alisema. “Nilikuwa na darasa la watoto hamsini. Siku nyingine ninawasikia wakipita, ninatamani kuwafuata.”

Mwenya alimtazama kwa mshangao. Hakuwahi kufikiri kwamba mama naye husikiliza zile nyayo.

“Na hukusema?”

“Sikusema. Nilikosea kama weye.” Mama aliwashika mikono wote wawili. “Musikie, watoto yangu. Watu wanadhani kusema kweli ni kutoiba na kutonakili. Ni hivyo, lakini si hivyo tu. Muntu akiumia moyoni aseme mapema, kwa wale wanaomupenda, kabla uchungu haujamufundisha uongo. Huzuni iliyosemwa inabaki huzuni, ndiyo, lakini tunaibeba watu watatu.”

Kisha Nono akauliza kama imla ingeendelea, kwa sababu yeye alikuwa bado hajapata kosa hata moja. Mama Delphine akacheka, akafungua kitabu, na Mwenya akaokota kalamu.