Mluzi wa Tofi

Majani yalikuwa yakiisha. Kila jioni Auleria aliweka konzi ya majani mabichi kwenye kizingiti cha mlango wa uani, na kila asubuhi kizingiti kilikuwa kitupu. Hilo lisingemsumbua mtu, kuku wa jirani wapo. Lakini siku ya tatu Leonardi, baba yake, aliyaona majani yenyewe yakipungua mbele ya macho yake, jani moja moja, na hapakuwa na kuku wala mbuzi. Naye alijua kuliko wote kwamba aliyewekewa majani hayo hawezi kurudi kuyala, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemla.

Tofi alikuwa simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye kwao Leonardi, Njombe, hufugwa jikoni na kuliwa akija mgeni, bila mtu kuona ajabu. Kiwalani, mjini, ni mambo mengine. Hapa wapangaji wote walimwita panya, na mwenye nyumba, Bi Tunu, alisema wazi: "Mie panya wa kufugwa sijapata kumwona. Mtoeni, au nyie mtoke naye." Auleria alikuwa na miaka saba na hakuwa na rafiki mwingine. Akitoka shule, Tofi alimsikia tangu njiani, akapiga mluzi, kwii, kwii, mpaka afike.

Leonardi alikuwa na miezi minne tangu apunguzwe kiwandani. Angeweza kumpeleka Tofi kwa mtu. Badala yake, Jumapili moja mtoto akiwa kwenye mafundisho kanisani, alimchinja, akambabua manyoya kwenye jiko la mkaa huku mlango umefungwa, akamla peke yake, kwa uchu na kwa kukumbuka kwao. Demetria, mkewe, alipika lakini hakuonja. Mtoto aliporudi aliambiwa Tofi katoroka.

"Hukufunga boksi vizuri," Leonardi alimwambia. Hilo la boksi halikuwa na haja hata kidogo, lakini mtu akishaanza uongo huupamba.

Ndipo Auleria alipoanza kuweka majani na kuita. Aliita magharibi, adhana ikilia, kwa sababu ndio wakati Tofi aliozoea kula. Bi Tunu alikuwa akitia udhu, akaacha.

"Mama Aule, mkataze mtoto. Magharibi jina haliitwi uani, tena na chakula kimewekwa. Atakuja asiye mwenyewe."

"Ni mtoto tu, Bi Tunu," Demetria alisema. "Atachoka."

Hakuchoka. Siku ya tano aliitikiwa.

Kwii, kwii. Ulitoka chini ya kitanda, mluzi ule ule, ila ulikuwa mzito kidogo, na ulifuatana na harufu ya manyoya yaliyobabuliwa. Demetria aliisikia, akamtazama mumewe, na kijiko kikamponyoka. Auleria yeye alicheka kwa furaha mpaka machozi yakamtoka.

"Karudi, mama! Ila hataki nimwangalie. Anasema amebadilika."

Tangu jioni hiyo alisukuma ugali wake chini ya kitanda, na sahani ilirudi nyeupe. Baada ya wiki mbili mifupa ya mabega ilimtokeza kwenye gauni la shule. Demetria alinyunyiza maji ya baraka pembe zote za chumba. Mluzi ulinyamaza kwa muda wa salamu Maria tatu, kisha ukaanza tena, karibu zaidi. Na Jumatano moja, jua likizama, Demetria alitoka nje kuanua nguo, akageuka, akakuta mlango wa uani u wazi na mtoto hayupo, akakimbia akipita vyooni, akipita banda la kuku, akiita na sauti haitoki, mpaka akamwona kwa mbali anashuka kuelekea mtaro mkubwa, pekupeku, majani mkononi, anatembea taratibu kama anayeongozwa, na mbele yake hakuna kitu, hakuna kabisa, isipokuwa nyasi zilizokuwa zikiinama moja baada ya nyingine, na ule mluzi. Alimdaka maji yakiwa yameshamfika magotini. Auleria alilia kwamba amekatizwa safari.

Kesho yake Bi Tunu mwenyewe alimleta Mzee Mwishehe. Mchana mzee huyo alikuwa fundi wa majiko ya mafuta ya taa, na wa kutoa majini akihitajika. Vidole vyake vilinuka mafuta ya taa saa zote. Aliingia, akanusa, akakaa kwenye mkeka.

"Shikamoo, babu," Auleria alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mjukuu wangu." Kisha akawageukia wazazi. "Mmempa jina, mmempa chakula, sasa jini huyu anajiona ndiye mnyama mwenyewe. Mtoto aliyemwita ndiye amuage, amwambie aende ulipo mwili wa mnyama. Atakwenda na atakaa huko huko. Mwili uko wapi?"

Bi Tunu alikuwa amesimama mlangoni, mtandio mdomoni. Leonardi alimtazama, na aibu ikamshika. Angesema nini? Kwamba amekula panya ndani ya nyumba yake? Kesho mtaa mzima ungejua, na shuleni mtoto angeitwa binti wa mla panya.

"Nilimkuta amekufa," alisema. "Nikamzika karibu na mtaro."

"Umemzika?"

"Nimemzika, mzee."

Demetria aligeuka, akaenda kuleta mkaa. Ubani ukawashwa. Mzee Mwishehe akamweleza mtoto polepole kwamba Tofi amekufa, na aliyeko chini ya kitanda hana budi aende. Auleria alilia kwa muda mrefu, nao wakamwacha alie. Kisha alipiga magoti, akaweka shavu sakafuni.

"Tofi, nisamehe sikufunga boksi," alisema. "Nilikupenda sana. Kwaheri. Nenda ulipo mwili wako, upumzike."

Leonardi alitamani ardhi immeze. Mluzi ulilia mara moja, mrefu, halafu kimya. Ile harufu ikamjia Leonardi usoni kama pumzi. Akashikwa na kwikwi, akaomba maji.

Mtoto alikula siku hiyo, na siku zilizofuata akaomba aongezewe. Nyumba ilitulia. Leonardi alipata kibarua cha zege kwenye nyumba ya mtu huko Kinyerezi, na siku ya nne, magharibi ilipoingia, wenzake waliacha makoleo wakaanza kuinua mifuko ya saruji.

"Panya gani huyu, braza, anapiga mluzi hivi?" mmoja aliuliza.

Leonardi alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Ndani yake kitu kilijigeuza, kikalala upande mwingine.

Alikwenda kwa Mzee Mwishehe na safari hii alisema yote. Mzee aliweka bisibisi chini.

"Nilikuuliza mara mbili."

"Mtoe, mzee. Nakuomba."

"Katumwa kwa mdomo wa mtoto, na atatoka kwa mdomo huo huo. Amwite tu jina lake. Lakini akimwita, atamwingia yeye mtoto, na safari hii hatoki tena."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ningekuwa nayo ningekwambia."

Leonardi akaamua kumbeba tumboni. Hilo ndilo jambo pekee jema alilolifanya katika mkasa huu, na nalo alilifanya akitetemeka. Kila magharibi alikaa kwenye tofali za jengo lisilokwisha, mitaa miwili kutoka nyumbani, mahali ambapo mtoto hawezi kuusikia mluzi lakini dirisha lao linaonekana, akibana tumbo, akisubiri Demetria amwashie koroboi dirishani kumjulisha kwamba mtoto kalala. Alikonda. Chochote alichokula hakikumshibisha yeye.

Jumamosi moja Auleria alimtoroka mama yake, akamtafuta baba mtaa kwa mtaa. Leonardi aliinua kichwa akamwona anakuja kati ya tofali, amevaa kandambili za mama, na anatabasamu.

"Baba, mbona siku hizi hurudi mapema? Nimekuja kukuchukua."

Adhana ilianza. Leonardi alitaka kumwambia akimbie, arudi kwa mama yake, azibe masikio. Alifungua kinywa.

Kwii, kwii.

Aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akatikisa kichwa, akatikisa tena, machozi yakimtiririka, na mluzi ulizidi kupenya katikati ya vidole, mtamu, wa zamani, kama wa siku zile za kutoka shule. Auleria alisimama. Uso wake ulichangamka wote.

"Tofi?" aliita.

Na Leonardi akahisi tumbo lake limekuwa jepesi.