Vikuba vya Gari Jekundu

Harufu ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na Kyalo aliisikia. Asije mtu hapa akamtetea kwamba hakujua. Alipofungua mlango wa lile gari jekundu kwenye yadi ya Makupa, uvundo ulimpiga puani, mdogo tu, wa kitambaa cha kuoshea vyombo kilichosahauliwa majini, akageuza uso. Kisha akaona usukani, akaona vile viti viwili vya ngozi vilivyolala karibu na sakafu, na pua yake ikanyamaza.

Kwa mwezi mzima alikuwa akipima magari mawili. Moja ndilo hili, kuukuu, la milango miwili, lililoshuka melini kutoka Japani baada ya kuendeshwa na watu asiowajua. La pili lilikuwa jeupe, jipya, la mbio vilevile, limesimama nyuma ya kioo cha duka la magari mjini, viti vyake bado vimevikwa nailoni. Kyalo alikuwa dereva wa kreni bandarini, mtu wa Makueni aliyekaa Mombasa mpaka akajiona mwenyeji kuliko wenyeji. Aliyaendesha yote mawili, akayalaza kwenye kona, akasikiliza injini zikipanda, akamchosha rafiki yake Joab kwa maneno yale yale.

"Jipya limetulia mno," alisema. "Ukilikanyaga linakuuliza kwanza. Hili jekundu halikuulizi. Linakwenda tu."

"Na huo uvundo?" Joab alikuwa fundi wa magari mtaa wa Bondeni, na hakujua kubembeleza.

"Uvundo unaoshwa."

Mkewe, Ndinda, hakujali injini. Miaka minne waliishi mbalimbali, yeye akifundisha mjini Wote, kwao Makueni, mumewe huku kisiwani, wakionana sikukuu kwa sikukuu. Sasa alikuwa amepata uhamisho, amekuja na masanduku yake, na alitaka jambo moja: waishi nyumba moja kama watu waliooana. "Nunua unalolipenda," alimwambia. "Mimi nimechoka kuwa mke wa simu."

Kyalo akanunua jekundu.

Likaoshwa kwa sabuni, kwa siki, kwa dawa zote za Joab, na uvundo ukakaa pale pale. Ndipo mjuaji wetu akakumbuka jinsi majirani wa Mji wa Kale wanavyofukiza nyumba zao. Alhamisi, magharibi ikiingia, aliegesha karibu na Ngome ya Yesu, akanunua udi na marashi ya waridi, kisha akamwendea Bi Mejumaa, aliyeuza vikuba vya asumini barazani kwake, vile wanawake wanavyojipamba navyo wakienda arusini.

"Shikamoo, Bi Mejumaa."

"Marahaba, mwanangu. Vya nani leo? Mkeo kesha kuja?"

Kyalo alicheka, akanyosha kidole. "Vya bibi arusi wangu mpya. Yule pale, mwekundu. Leo ndiyo naingia kwake."

Bi Mejumaa hakucheka. "Usinene hivyo saa hizi, na vikuba mkononi. Futa kauli yako."

"Ah, mama! Mzaha tu."

Akarudi garini, akafunga vioo vyote. Akawasha chetezo cha udi, akatungika vikuba mbele, akanyunyiza marashi kwenye viti, akaketi humo peke yake giza linaingia, akavuta pumzi kwa raha. Mtu mzima na akili zake! Amekitandika chumba cha arusi, amemtaja bibi arusi kwa kinywa chake, kisha akakaa kumngoja.

Asubuhi uvundo ulikuwa umegeuka. Sasa ulikuwa wa samaki aliyeozea ndani ya waridi, mtamu, mzito, unaoganda ulimini hata ukitema mate. Kiti cha abiria kilikuwa kimelowa. Kyalo alikigusa, vidole vikatoka na utelezi wa kijivu unaovutika kama mlenda. Alivifuta kwenye suruali, na njia nzima ya kwenda bandarini akawa anavifuta.

Akampelekea Joab. Joab aliziba pua, akafungua matundu ya upepo. "Kuna kitu kimeziba humu," akasema, akaingiza koleo, akavuta. Zilitoka nywele. Ndefu, nyeusi, zinachuruzika mafuta, zimesokotana na maua ya asumini yaliyooza na funza wanaopindapinda, na kila alivyovuta zilizidi kuja, mpaka zikafanya rundo miguuni pake, mpaka koleo likaanza kumvuta mkono, kwa sababu huko ndani, ambako hapana nafasi hata ya kuingiza ngumi, palikuwa na mtu anazivuta nywele zake zirudi.

Joab alitupa koleo, akatapikia ukutani. "Liondoe hapa," alinong'ona. "Kyalo, wallahi, mimi Mkristo naapa kama wao, liondoe."

Kyalo alikuwa amechutama, anaokota zile nywele fungu kwa fungu, na kuzisogeza puani.

"Mbona zinanukia," alisema.

Kuanzia hapo mambo yaligeuka nyumbani. Ndinda alipika muthokoi, Kyalo akasukuma sahani, akasema chakula kimechacha. Mkewe alioga akaja kumkumbatia, Kyalo akatoka mbio kwenda kunawa mahali alipomgusa. Naye Ndinda alikuwa akijikaza, maana mumewe alinuka maiti, na shingo yake ilikuwa na ule utelezi. Siku moja kwenye chai Kyalo alikohoa, akatema mezani ua la asumini, jeusi, na ndani yake kitu kinatambaa. Akalitazama kwa huruma, akalirudisha kinywani, akameza.

"Kyalo," Ndinda alisema, "lile jeupe bado lipo. Tubadilishe. Nakuomba. Gari hilo likibaki, mimi hapa sikai. Nitarudi Wote, na safari hii sirudi."

Alikubali kwa shingo upande. Walikwenda dukani, Kyalo akaketi kwenye gari jipya, safi, lisilokaliwa na mtu, na mara ile harufu ya ngozi mpya ilipomwingia alishika tumbo akatapika juu ya usukani, matapishi ya kijivu yenye nywele, huku wauzaji wakikimbilia nje na viganja midomoni.

Ndinda aliulizia aliyeviuza vile vikuba mpaka akampata Bi Mejumaa, na yule mama hakuzungusha maneno.

"Amemtaja, amempamba, amemfukizia udi, naye jini akaitika. Ashakuwa mke huyo. Wengine wangekuuzia makombe ya kunywa na mbuzi wa kuchinja, mimi sikudanganyi. Mke aliyeitwa kwa heshima hafukuzwi kama paka, huachwa. Na amwache mwenye kumwoa, kwa kinywa chake, awe mbele yake."

Walikutana alasiri mbele ya baraza ya Bi Mejumaa, gari limeegeshwa penye jua, na Joab alisimama mbali, shati puani. Bi Mejumaa alifungua mlango wa abiria. Ule uvundo ulimwagika nje ukawafanya wote wajikunje, nzi wakamiminika, na machoni pao wote ngozi ya kile kiti ikabonyea taratibu, huku mtu haonekani, ikabonyea mapajani, ikabonyea mgongoni, maji ya kijivu yakaminywa kutoka kwenye mishono na kutonea barabarani, kisha mkanda ukajivuta, ukapita juu ya kifua kisichokuwepo, ukajifunga.

"Yuwakungoja umsemeshe," Bi Mejumaa alinong'ona. "Sema: nimekuacha. Basi."

Kyalo alisimama katikati. Upande huu kile kiti kilichobonyea. Upande huu Ndinda, amevaa gauni lililopigwa pasi, machozi yanamtoka, anamnyoshea mkono. "Sema, mume wangu. Sema twende nyumbani."

Kyalo alitaka kusema. Watu waliokuwepo waliuona mdomo wake ukitafuta neno. Lakini upepo uligeuka ukamletea harufu ya mkewe, sabuni na pasi na jasho la mtu hai, na uso wake ukajikunja kwa karaha asiyoweza kuificha. Akaziba pua, akarudi nyuma hatua moja, na kwa upole, kwa aibu ya mtu anayesema kweli, akamtazama Ndinda usoni.

"Nimekuacha," alisema.

"Si mimi, Kyalo! Si mimi wa kuachwa!"

"Nimekuacha, Ndinda. Unanuka."

Akazunguka, akaingia garini, akafunga mlango. Wakamwona akiinama, akalaza kichwa juu ya kile kiti kitupu, akafungua kinywa. Joab aligeukia ukuta. Bi Mejumaa alijifunika uso kwa buibui. Ndinda peke yake ndiye aliyebaki akitazama, mpaka vioo vikajaa ukungu wa pumzi kutoka ndani, upande wa dereva, na upande wa abiria pia.