Matairi ya Kumpeleka Laurette

Jumapili hiyo nyumba ya Honoré iliamka na kelele. Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka 2012. Marie-Jeanne, mke wake, alikuwa akiimba huku akipanga samaki kwenye friza. Samaki hao huwauzia Wakongo wenzake pale soko la Warwick, mjini Durban, Afrika Kusini. Laurette, mdogo wake Honoré, alikuwa akizunguka mbele ya kioo na gauni lake la harusi. Alikuwa amelijaribu jana, na juzi pia. Mwacheni, harusi ni mara moja!

Jumamosi ijayo Laurette angeolewa na Prodige, kijana wa Bukavu anayefanya kazi Harrismith. Harrismith ni mji wa baridi kali, juu ya milima, mbali na Durban. Harusi ingefanyika huko. Baba yao alikuwa amefariki, kwa hiyo Honoré, kaka mkubwa, ndiye angempeleka bibi harusi na kumkabidhi. Kaka asipofika, harusi haianzi.

Asubuhi hiyo redio ilitangaza kwamba wiki hiyo theluji itaanguka milimani.

"Yaya!" Laurette alimwita kaka yake kwa kelele. "Theluji! Nitapiga foto na robe yangu ya harusi ndani ya theluji!"

"Utapiga hata mia," Honoré alisema akicheka. "Gari iko tayari. Kuja uone."

Walishuka wote chini, mahali pa kuegesha magari. Gari la Honoré lilikuwa la viti saba, la zamani lakini linang'aa. Kwenye magurudumu ya nyuma alikuwa amefunga matairi mawili makubwa yenye meno marefu. Ni matairi ya matope. Aliazimwa na Israël, rafiki yake wa kanisani.

"Mimi nilitembeza camion, lori kubwa, kule Kongo njia ya Bukavu mpaka Shabunda," Honoré alijisifu. "Matope mpaka kwa mlango! Theluji ni nini? Ni matope meupe tu."

Valerie, jirani yao wa ghorofa ya pili, alikuwa akifua mazulia karibu hapo. Valerie ni Mkenya. Alisoma Norway miaka mitano, na huko aliendesha gari kwenye barafu kila siku ya baridi. Aliinama akalitazama tairi, kisha akalibonyeza kwa kidole.

"Baba Israella," alimwita Honoré kwa jina la binti yake, "hii utaenda nayo Harrismith?"

"Ndiyo, dada. Si unaona meno?"

"Meno nimeona. Shida si meno. Shida ni mpira wenyewe. Matope ni laini, meno yanaingia. Barafu ni ngumu, meno yataingia wapi?"

Honoré alinuna kidogo. Kumwambia dereva wa Shabunda kwamba hajui matairi si jambo dogo.

"Sawa, usiniamini," Valerie alisema. "Mama Israella, friza yako ina nafasi? Nipe kiatu kimoja cha plastiki cha huyu bwana, na ndala yako moja ya mpira laini."

"Viatu ndani ya samaki yangu?" Marie-Jeanne aliuliza. Lakini alicheka, akavifunga kwenye mfuko, akaviweka. Kisha wote walikwenda kanisani.

Waliporudi mchana, Valerie aliomba kipande kikubwa cha barafu. Akakiweka juu ya sinia. Akatoa viatu.

"Kunja kiatu chako," alimwambia Honoré.

Honoré alijaribu kukikunja. Kilikuwa kigumu kama ubao. Akakisukuma juu ya barafu. Kiliteleza, kikavuka sinia, kikaangukia mguu wa Marie-Jeanne.

"Eish!" alipiga kelele Marie-Jeanne.

Kisha Honoré akaikunja ndala. Ilikunjika vizuri, ingawa ilikuwa baridi. Akaisukuma juu ya barafu. Ilishika, ikakwama. Laurette alipiga makofi.

"Sasa umeona," Valerie alisema. "Matairi ya kawaida yametengenezwa kwa joto kama la hapa Durban. Joto likishuka chini ya digrii saba, yanaanza kuwa magumu. Haya ya matope pia. Tairi la baridi lina mpira unaobaki laini. Tena lina mikato midogo midogo mingi inayoshika theluji."

Honoré alikigeuza kiatu mikononi. Hakucheka tena. Alimtazama mdogo wake katika khanga, nywele zake nusu zimesukwa.

"Nilitaka kumpandisha huyu mlimani na viatu vya plastiki," alisema. "Da Valerie, nifundishe yote."

"Kwanza, funga manne. Ukifunga mawili tu, upande mmoja utashika na mwingine utateleza, gari litazunguka. Pili, tafuta alama ubavuni mwa tairi. Ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Ukiona herufi M na S peke yake, haitoshi."

"Na ukubwa?"

"Namba zilingane na zilizoandikwa kwenye mlango wa gari lako. Halafu angalia umri. Kuna namba nne hapo hapo ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mpira mzee hukauka hata kama haujatumika. Na mikato iwe na kina cha milimita nne au zaidi."

Jumatatu Honoré alimrudishia Israël matairi yake, kisha akaenda na Laurette mtaa wa Jacobs. Kuna duka huko linalowauzia watu wanaopanda milima ya Lesotho. Muuzaji aliitwa Méthode, Mrundi mwenye maneno matamu.

"Karibu, mzee! Haya hapa, ni mazuri kabisa, ya theluji!"

Honoré alipiga magoti akasoma ubavu. "Iko M na S. Mlima uko wapi?"

Méthode alikohoa. Akaleta mengine. Safari hii Laurette ndiye aliyeuona mchoro.

"Yaya, mlima! Na theluji ndani!"

"Na hapa imeandikwa tatu nne, moja moja. Wiki ya thelathini na nne, mwaka 2011. Bado changa!" Honoré alisema kwa sauti hadi wateja wengine wakageuka. "Funga manne, ndugu yangu!"

"Mzee, wewe unauza matairi wapi?" Méthode aliuliza. Wote walicheka.

Ijumaa asubuhi waliondoka. Valerie aliwapa mablanketi, chupa ya chai, na maneno ya mwisho: "Nenda polepole. Acha nafasi kubwa mbele yako. Breki ikanyage taratibu. Na polisi wakifunga barabara, ngojeni. Hakuna tairi linaloshinda barabara iliyofungwa."

Kweli, chini ya mlima wa Van Reenen polisi walikuwa wamefunga. Honoré alizunguka gari, akatazama saa, akazunguka tena. Njia ya mkato aliijua. Lakini alirudi akaketi, akanywa chai. Alasiri barabara ilifunguliwa.

Wakapanda. Halafu wakaiona! Nyeupe kila mahali, juu ya majani, juu ya nyaya, juu ya migongo ya ng'ombe. Laurette alilia kwa furaha. Marie-Jeanne aliimba. Honoré hakuimba, alishika usukani kwa mikono miwili. Gari moja lilikuwa limeingia mtaroni, wenyewe wamesimama pembeni wakitetemeka, wazima. Mbele kidogo lori likasimama ghafla. Honoré alikanyaga breki taratibu. Matairi yakashika. Gari likasimama mbali na lori, bila kuyumba hata kidogo.

"Imeshika!" alipaza sauti. "Mama Israella, imeshika!"

Jumamosi Laurette alipiga picha kwenye theluji, gauni jeupe juu na buti za Marie-Jeanne chini. Kisha wakafika mlangoni mwa ukumbi. Kwa desturi, upande wa bibi harusi unaweza kusimama hapo na kudai kitu kimoja cha mwisho kabla ya kumtoa binti yao. Wazee wa Prodige walijiandaa. Mmoja alinong'ona, "Atataka mbuzi mwingine."

Honoré alimshika Laurette mkono. Akamwambia Prodige, "Kwanza nionyeshe gari itakayombeba dada yangu."

Watu walishangaa. Prodige alimpeleka nje. Honoré, na suti yake mpya, alipiga magoti kwenye theluji akasoma matairi, moja baada ya jingine. Akainuka.

"Hakuna mlima hata mmoja. Shemeji, mbuzi sitaki. Nataka matairi manne ya baridi. Uniahidi mbele ya watu wote, ndipo nimwachilie."

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko na vigelegele. Prodige aliapa huku anacheka. Honoré akauachia mkono wa mdogo wake, na hapo machozi yakamtoka waziwazi.

Waliporudi Durban alivua matairi yale, kwa sababu mpira laini huisha upesi kwenye joto. Aliyaweka kivulini.

Baridi ya mwaka uliofuata, simu ililia asubuhi.

"Yaya," Laurette alisema, "theluji imeanguka usiku kucha. Prodige amenifikisha kazini sasa hivi. Tumekuja polepole."

"Na matairi?"

"Milima minne, yaya. Nimeihesabu mwenyewe."