Siku Wahispania "Walipotulaani" Bariadi

Watu mia tatu walikuwa wanagombania mlango mmoja... na mtu pekee mwenye maikrofoni alikuwa amekunja mikono, ananitazama!

"Marcelo, ongea! Waambie wakae!"

"Niwaambie nini, Afisa?"

"Waeleze maana ya lile neno!"

"Haimo kwenye karatasi."

Alisema hivyo. Taratibu. Huku benchi zinapinduka na akina mama wanaita watoto wao kwa majina!

Wasomaji wangu, ngoja niwaeleze kwa mpangilio, maana kisa hiki kimesimuliwa vibaya sana mitaani kwetu.

Ilikuwa mwaka 1995. Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado, Bariadi ilikuwa wilaya ya Shinyanga. Mimi, Specioza, nilikuwa Afisa Utamaduni. Ndiyo miaka wanunuzi binafsi wa pamba walipomiminika, kila mmoja anatafuta ghala. Mmoja wao, Ngeleja, akautaka ukumbi wa ushirika. Ukumbi wetu pekee wenye jukwaa la mbao!

Mwenyekiti wa kamati ya ushirika, Mzee Mashimba, alinipa sharti moja.

"Mayu, mama yangu, nionyeshe watu wanaokaa humo mpaka onyesho liishe. Wakikaa, ukumbi ni wa ngoma zako. Wakiondoka, ni wa pamba."

Nikapata bahati. Wahispania wanne, watu wa flamenko, ile ngoma ya kwao ya gitaa na visigino, walikuwa wametoka kutumbuiza Mwanza wanaelekea Serengeti kutazama wanyama. Niliwakuta njiani pale Nyashimo, nikawaomba, wakakubali kupita kwetu. Mwimbaji mzee, mpiga gitaa, mpiga makofi, na mchezaji mmoja aitwaye Pilar.

Mpiga makofi, ndiyo. Kwao hiyo ni kazi.

Mshereheshaji alikuwa Marcelo, mwalimu, rafiki yangu tangu chuo cha ualimu. Kwa Kisukuma na utani hakuna aliyemfikia. Lakini juma lile nilimwona mara mbili anakunywa soda na Ngeleja... Nikaweka kichwani.

Saa kumi na moja jioni ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watu wa Nkololo walikuja na baiskeli.

Mwimbaji akaanza. Sauti ya mtu aliyefiwa asubuhi ile ile.

"Iii, kwani nani kafa?" akauliza bibi mmoja wa mbele, Nyanjige.

"Labda ng'ombe zake," jirani akamjibu.

Kicheko! Kisha Pilar akapanda jukwaani. Jamani... viatu vyake vilipiga zile mbao kama mvua ya mawe kwenye bati! Nyanjige mwenyewe akasimama.

"Mayu wane! Huyu ukimpa jembe, shamba linaisha kabla ya uji!"

Mzee Mashimba alikuwa anatingisha kichwa kwa kuridhika. Nikajua nimeshinda.

Ndipo mpiga gitaa akamkazia Pilar macho, akapaza sauti:

"OLE!"

Ukumbi ukanywea.

Wahispania hulitumia neno hilo kumsifu mchezaji. Ni "safi!", basi. Lakini sisi ole tumeisikia mahubirini. Kwetu ole ni balaa lililokwisha kutamkwa.

"OLE!" akaitikia mwimbaji.

Pilar akazunguka, akazunguka... akaangukia magoti, kichwa chini, kimya.

Ilikuwa hatua ya ngoma yao. Ila huku kwetu vikundi vya ngoma hushindana, na mchezaji akianguka ghafla, watu husema katupiwa dawa.

"Wamemroga mwenzao!"

"Sasa wanatugeukia sisi!"

Na kweli wakageuka! Wanaume wote watatu, wakaikabili hadhira, wakitabasamu: "OLE! OLE!"

Katekista Januarius akasimama, mkono juu.

"Ole wetu, jamani! Tokeni!"

Wakatoka. Dakika mbili hazikuisha. Wa mwisho alikuwa Mzee Mashimba, kofia mkononi, hakuniangalia.

Pilar akainua uso, akaona benchi tupu. Akaniuliza kwa Kiingereza kama wamechukia.

Mimi nilikuwa na hasira tu. Niliandika barua ya kurasa mbili kwa kamati: Marcelo kanunuliwa na Ngeleja. Alikuwa na maikrofoni. Alijua maana ya neno. Alikataa kuongea. Ushahidi ulikuwa kamili!

Kesho yake asubuhi niliisoma mbele ya kamati, nimesimama.

"Marcelo, una la kusema?" akauliza Mzee Mashimba.

Akatoa karatasi mfukoni. "Isome wewe, baba."

Ilikuwa hotuba ya kufungulia onyesho. Marcelo aliiandika, mimi nikaihariri. Mzee akavaa miwani.

"'Ndugu zangu, mtasikia wakisema ole. Msiogope. Kwao ni kigelegele.'" Akaweka kidole juu ya karatasi. "Hapa pamekatwa kwa wino mwekundu. Pembeni pameandikwa: 'Hili ni dhahiri, linapoteza muda. Soma yaliyobaki tu, usiongeze neno.' Halafu kuna saini."

Hakuuliza ni ya nani. Wote waliijua, nilikuwa nawasainia vibali vya ngoma.

Nikaikunja ile barua yangu ya kurasa mbili...

"Na soda za Ngeleja je?" nikang'ang'ania.

"Nilikuwa nambembeleza achukue ghala la zamani, njia ya Migato," Marcelo akasema. "Alishakubali, Specioza. Jana akasimama mlangoni, akawaona watu wanavyokimbia. Akaniambia, kumbe ukumbi wenyewe hamuuhitaji."

"Sasa kwa nini hukusema neno pale?"

"Mwezi uliopita uliniandikia barua ya onyo kwa utani mmoja tu nilioongeza jukwaani. Jana uliponipigia kelele nikasema moyoni, mwache aone. Nilikosa. Lakini sikununuliwa."

Mzee Mashimba akakunja karatasi.

"Sharti lilikuwa moja," akasema. "Ukumbi ni wa pamba."

Jumatatu tukahamisha benchi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, yenye maelezo yote, moja baada ya jingine. Marcelo akainama kabla sijafungua mdomo.

"Shika upande ule. Hili ni zito."

Tukabeba. Nje, marobota ya kwanza ya pamba yalikuwa yanashushwa.

Funzo langu ni hili. Mtu anayewajua watu akikwambia hawataelewa, usimjibu kwamba jambo ni dhahiri. Jiulize kwanza: dhahiri kwa nani? Mimi nilijiuliza nikiwa tayari nimeshika benchi.