Mbuyi Alikataa Kuitwa Kyungu

— Kyungu na Mbuyi, si ni kitu kimoja tu? Zote mbili ni jina ya pacha wa kwanza. Kwenu Kasai banasema Mbuyi, huku Katanga banasema Kyungu. Unabadilisha luga, hubadilishi muntu!

Baba Chola alisema hivyo huku akimsogezea kijana Mbuyi kiti kizuri, kile chenye mto. Hata akiwa na hasira, hakuwa mtu wa kumwacha mgeni akae vibaya. Anne, binti yake, alisimama mlangoni na sahani ya bukari, ugali wa kwao, mkononi.

Ilikuwa mwaka 1993, mjini Likasi, Katanga. Viwanda vilikuwa vikizimika kimoja kimoja, na watu wenye asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa majumbani mwao. Maelfu walikaa gare, kwenye stesheni ya treni, chini ya maturubai, wakingoja kupelekwa Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Mbuyi alizaliwa hapahapa Likasi. Alikuwa fundi wa mashine, mpaka jina lake likamtoa kazini. Sasa alilala gare pamoja na mama yake.

Baba Chola alikuwa ametafuta njia. Karani mmoja, rafiki yake, alikubali kumwandikia kijana kitambulisho kipya: Kyungu, mzaliwa wa Katanga. Akikichukua, atabaki Likasi na atamuoa Anne. Akikikataa, apande treni, na habari ya Anne iishe.

— Tata, aksanti, Mbuyi alisema kwa sauti ndogo, kama mtoto kwa baba yake. Najua unajitia hatarini juu yangu. Lakini siwezi.

— Juu ya nini?

— Nilikuwa na ndugu, Kabanga, njo jina ya pacha wa pili. Tulizaliwa siku moja. Surua ilimuua tukiwa na miaka sita, kaburi yake iko hapa Likasi. Nikisema minye ni Mbuyi, kila muntu anauliza: na Kabanga eko wapi? Njo vile anabakia. Nikikuwa Kyungu, nani atamuuliza?

— Bantu bamekufa habapandi treni, mutoto. Weye njo utapanda.

— Na mama? Tangu atuzae hakuna anayemuita jina ya usichana wake. Anaitwa Mwambuyi, mama ya Mbuyi. Balimunyang'anya nyumba, balimunyang'anya vyombo. Amebakia na sufuria moja na ile jina. Nimunyang'anye hata ile, minye mwana wake?

Baba Chola akasimama.

— Basi unapenda jina kuliko binti yangu.

— Baba! Hakusema vile!

— Nyamaza, Anne. Namupatia mulango, yeye anachagua ukuta.

Anne akamsindikiza Mbuyi. Njiani muuza samaki mmoja aliwaona, akafunga samaki wakavu wawili kwenye gazeti, akamtilia Mbuyi mfukoni. Siku zile wema ulifanywa hivyo, kimyakimya.

— Weye kichwa nguvu sana, Anne alisema, machozi yakimtoka. Ni jina tu.

— Na yako? Padri si alisema Anne imetoka kwa Baebrania, maana yake neema? Ona, jina yako imetoka mbali kuliko Kasai, na hakuna muntu anaifukuza!

Anne akacheka, machozi yakiwa bado mashavuni.

— Treni ikikuja, utapanda?

— Nitapanda.

— Na minye?

— Hiyo njo inaniua, Anne.

Ijumaa asubuhi ikafika karatasi kutoka gare, imekunjwa mara nne:

"Anne, banasema treni ni siku ya kwanza ya kazi. Usikuje kuniona, nitashindwa kupanda. Umuambie tata sina hasira naye. Kiti alichonipa ni kiti cha kwanza nilichokalia toka tufike gare. Mbuyi."

Anne akaipeleka kwa Kambo Angèle, bibi yake mzaa baba, aliyekuwa uani akimenya karanga. Akamsomea. Bibi akataka asomewe tena, kisha akaweka ungo chini.

— Chola! Kuya hapa!

Baba Chola akatoka.

— Mama?

— Ikala chini. Jina yako maana yake nini?

— Eh, mama! Unajua. Kwetu Babemba, Chola ni mutoto anayefuata mapacha.

— Mapacha gani?

Baba Chola akavuta kigoda, akaketi.

— Hukubaona, Kambo Angèle alisema. Minye nilibaona siku tisa. Nilipokuzaa weye, bibi zangu balisema: mupatie jina ya mutakatifu tu, bale basahaulike, usilie tena. Nikakataa. Chola, kila siku niliyokuita kula, nilikuwa ninaita batoto batatu. Leo unamuambia ule mama wa gare asiite hata mumoja?

Kuku walisikika wakiparura chini. Baba Chola akainama kutafuta viatu vyake, navyo alikuwa amevivaa.

— Anne, alisema bila kuinua uso. Nionyeshe mahali banakaa.

Walimkuta mama yake Mbuyi akikoroga uji na kumgawia jirani aliyekuwa mgonjwa; Mbuyi alikuwa kando akichochea moto. Baba Chola akavua kofia.

— Jambo yenu, Mwambuyi.

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Kwa mwaka mzima hakuna mtu wa nje ya gare aliyemwita hivyo.

— Minye ni Chola, baba ya Anne. Nilikosa. Nilizani jina ni sawa na koti, unavua moja, unavaa ingine.

— Tata Chola, mama alijibu polepole, hata koti iko na mwenye kuishona.

— Njo nimekuja kusema vile. Mbuyi, beba sufuria. Munakuja kwangu.

Akajitwika mzigo wa mama yule kichwani, mbele ya watu. Kwenye lango la gare mwanaume mwenye fimbo, aliyewekwa kuzuia watu wasirudi mjini, akawazuia.

— Tata, unapeleka wapi hawa Bakasai?

— Nyumbani. Huyu ni mukwe wangu, Mwambuyi. Na weye, unaitwa nani?

— Numbi.

— Nani alikupatia jina?

— Kambo yangu.

— Eko muzima?

— Alikufa.

— Basi tupishe, Numbi. Usimupatishe haya.

Yule mtu akatazama chini, akasogeza fimbo yake kando, wakapita.

Lakini nyumba ilikuwa moja, na mtaa ulikuwa mkubwa. Bado kulikuwa na Jumapili. Kanisani, aliyesoma matangazo baada ya misa alikuwa Baba Chola mwenyewe, na ndoa hutangazwa mara tatu kabla ya kufungwa. Anne alikaa benchi la pili, mikono imegandamana. Baba akapanda mimbari, akavaa miwani.

— Kuna ahadi ya ndoa kati ya Anne, binti ya Chola, na Mbuyi...

Mtu akakohoa. Mwingine akasema chini kwa chini:

— Mukasai?

Baba Chola angeweza kukimbilia tangazo la pili. Badala yake alivua miwani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

— Narudilia, labda nyuma hamukusikia. Mbuyi, pacha wa Kabanga, mwana wa Mwambuyi! Mwenye kujua kizuizi asimame aseme.

Hakuna aliyesimama. Kisha kutoka benchi la mwisho, mwanamke mmoja ambaye wakati wa fujo alikuwa ameacha kuwasalimu majirani zake wa Kasai akapiga kigelegele. Kikatetemeka, kikakatika, akakianza upya. Wa pili akamsaidia. Wa tatu. Mpaka padri akashindwa kuwanyamazisha, akaanza kucheka.

Treni ilikuja Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, kama walivyoambiwa. Mwambuyi alikwenda gare na vikapu viwili vya mihogo ya kuchemsha, akawagawia waliopanda, akawakumbatia mmoja mmoja, akarudi nyumbani kwa miguu.

Wiki tatu baadaye, kwenye misheni ya Kapolowe, nje ya mji, ambako Baba Chola alikuwa amewapa maharusi shamba lake walime kwa amani, padri aliuliza:

— Kijana, unaitwa nani?

— Mbuyi!

— Sikukuuliza kwa hasira, padri akasema, na watu wakaangua kicheko. Anne, unamukubali Mbuyi awe mume wako?

— Namukubali Mbuyi, Anne alijibu. Mwingine hata mukimuandika kwa dhahabu, simutaki.

Vigelegele vikapasuka. Mwambuyi akafunga kitenge kiunoni, akaingia katikati, akacheza. Wanawake wa Kapolowe wakarudi nyuma hatua moja, wakampa uwanja wote.