Siku Kumi na Mbili

Jumatatu asubuhi steshenari iliyo mkabala na soko, Mpanda mjini, hujaa kama kliniki. Séverine alisimama kwenye foleni amevaa gauni la kitenge cha manjano. Ilikuwa nguo yake ya kwanza ya rangi tangu mama yake azikwe kwao Mishamo mwezi wa kwanza, na alijiona kama aliyeazima mwili wa mtu.

Aliyekuwa kwenye mashine ya kopi aliitwa Kija, Msukuma wa Kakese, mrefu, shati jeupe lenye doa la wino mfukoni. Aliipokea karatasi yake, akauliza kopi ngapi, akaambiwa mbili.

"Dada, sogea kidogo," alisema. "Gauni hilo likiikaribia mashine, kopi zitatoka njano."

Foleni ilicheka. Séverine naye alicheka, kisha akashtuka kuisikia sauti yake. Alikuwa ameisahau.

Karatasi ile ilikuwa barua ya kuachishwa kazi. Kwa miaka minne Séverine alikaa mapokezi kwenye gesti moja ya mtaa wa Shanwe. Mama yake alipofariki alimpigia simu meneja, Erasmus, akaomba ruhusa, akaenda kuzika. Alirudi siku ya tano, akakabidhiwa barua inayosema ameachishwa kwa utoro kazini. Kazi nyingine angeweza kuipata. Neno lile ndilo lililomkwama kooni: amemzika mama yake, wakamwandika mtoro.

Watu walimwambia aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA, na kwamba ana siku thelathini. Alizihesabu vizuri, ila kwa kalenda ya kwao. Kwa watu wa kwao, waliotoka Burundi zamani, kuna siku ya kuganduka, siku ya kuvua msiba. Shangazi yake Candide alimwambia kwamba kabla ya siku hiyo mfiwa hashiki jembe wala hashiki kesi. Kuganduka kwa mama yake kulifanyika Jumamosi, tarehe nane Machi. Basi Séverine akaanza kuhesabu hapo, na siku ile alipokwenda kutoa kopi alijiona bado ana mwezi mzima mbele yake.

Kwa hiyo hakuwa na haraka. Namba ya simu Kija aliipata siku hiyohiyo, kwa kisingizio cha kumjulisha ikiwa kopi zimesahaulika.

"Kopi ninazo mkononi," Séverine alimwambia jioni kwenye simu.

"Najua. Nahakiki tu kama hazijageuka njano."

"Nyie Wasukuma mna kazi kweli?"

"Ninayo. Nakupigia."

Siku mbili baadaye walikula samaki karibu na stendi. Siku iliyofuata Kija alimpakia kwenye pikipiki hadi Kakese, akamwonyesha mpunga na ng'ombe wa baba yake, na Séverine akamkosoa jinsi anavyowaita, kwa kuwa babu yake naye alikuwa mtu wa ng'ombe. Walibishana njia nzima ya kurudi. Alipofika kwake aligundua kwamba tangu asubuhi hakuwa amelia.

Jumatatu ya pili alikuja steshenari na ile barua, akamwomba amsaidie kujaza fomu. Kija aliketi, akaisoma kwa mara ya kwanza. Kidole chake kikasimama kwenye tarehe.

"Seve, hii ni ya tarehe tatu Februari."

"Ndiyo."

"Siku zinahesabiwa tangu ulipoachishwa. Ziliisha tarehe tano mwezi huu. Leo ni kumi na saba."

Alimweleza taratibu, kama anavyowaeleza wote wanaokuja kujaziwa fomu. Bado kuna njia. Pamoja na fomu ya madai, anayechelewa hupeleka fomu ya kuomba asamehewe kuchelewa, na kiapo. Ndani ya kiapo kila siku aliyochelewa lazima ielezwe ilikwenda wapi. Kila siku, si jumla. Zake zilikuwa kumi na mbili. Za kwanza zilikuwa za msiba na safari, hizo zingeelezeka. Zilizobaki zilikuwa zao wawili.

Kija alizungusha kalamu vidoleni.

"Hizi andika ulikuwa na malaria."

Séverine alimtazama. "Siku uliyonipeleka Kakese niiite malaria?"

"Nataka ushinde."

"Hata wao waliandika mtoro ili washinde."

Alichukua barua yake, akatoka. Kija alipiga simu mara nane siku ile, na kesho yake mara tano. Séverine hakupokea.

Alikwenda mwenyewe ofisi za Tume. Mama mmoja wa masjala, Cecilia, alimpa fomu na kumwonyesha pa kusaini. Alikula kiapo chake mbele ya wakili. Nakala aliipeleka gesti, Erasmus akagonga mhuri wa kupokea bila kumkaribisha kiti, na karatasi yenye mhuri ule akairudisha masjala kuwa ushahidi kwamba mlalamikiwa ana habari. Halafu akangoja wito.

Siku ya kusikilizwa Erasmus alikuja amevaa suti, akapinga. Alisema kiapo chenyewe kinakiri kwamba mdai alikuwa anastarehe. Msuluhishi akakisoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma ratiba. Alipofika tarehe kumi na tatu hakubadilisha sauti: *Siku hii nilikuwa Kakese na Kija. Sikujua muda umeisha. Tangu mama afariki ilikuwa siku yangu ya kwanza kutolia.*

Kisha akafungua karatasi ya pili. Séverine hakuwa anaijua.

"Kuna kiapo cha kuunga mkono," msuluhishi alisema. "Cha huyo Kija mwenyewe. Alikileta masjala."

Ndani yake Kija aliapa kwamba barua ilipita mikononi mwake tarehe kumi, wala hakuisoma tarehe, ingawa kujaza fomu hizo ndiyo kazi yake. Aliapa pia kwamba alimshauri mdai adanganye, na mdai akakataa.

Séverine aligeuka. Kija alikuwa ameketi benchi la nyuma, shati lilelile lenye doa.

Kuchelewa kukasamehewa. Usuluhishi wenyewe ulichukua asubuhi mbili. Sheria inampa mfanyakazi siku nne za kufiwa na mzazi, na msuluhishi alimwonyesha Erasmus kifungu. Wangeshindwana, shauri lingekwenda kwa mwamuzi, lakini walisaini makubaliano: barua inafutwa, Séverine anarudi mapokezi, na barua mpya itasema alikuwa kwenye likizo ya msiba.

Jumapili walikwenda Mishamo kwa pikipiki. Séverine aliisoma barua mpya kaburini, neno kwa neno, hadi mhuri. Kija alisimama pembeni, kofia mkononi. Alipomaliza, Séverine aliikunja barua.

"Nataka kuwatuma wazee kwa shangazi Candide," Kija alisema. "Ila nisikie kwako kwanza."

"Nina siku ngapi za kujibu?"

"Thelathini."

"Tangu lini?"

"Tangu leo, Seve. Tuandikishane kabisa."

Alijibu siku ya tatu: wazee waje.