Gololi Isiyotaka Kuanguka

Mashine ya pinboli, ule mchezo wa kurusha gololi chini ya kioo, ilikuwa na joto, ilhali waya wake wa umeme ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

"Labda ni jua la dirishani," alisema mwenye ukumbi wa michezo, mzee aliyewaita ndugu wawili waithamini kabla haijapelekwa mnadani. Lakini pazia lilikuwa limefungwa.

Mthamini hakubishana naye. Kazi yake ilikuwa michoro. Ya mdogo wake, waliyembandika jina la Vidole kwa wepesi wa mikono, ilikuwa kuucheza mchezo na kusema kama bado una uhai. Akamulika tochi nyuma ya kioo cha juu. Pinboli za umri ule rangi zake hubanduka kama ukoko mkavu. Hii haikuwa na hata ufa. Mwanasarakasi wa kike, kanzu nyekundu, alining'inia kwenye kamba, na chini yake watazamaji wamejaa tele. Wote walikuwa wamempa kisogo. Walimtazama anayecheza.

"Dada, chomeka basi!" Vidole alisema, akisugua viganja.

Akachomeka. Taa zikawaka, kengele zikalia. Gololi ya chuma ikapanda, ikashuka, Vidole akaibutua kwa vile vijiti viwili, ikapanda tena.

"Vipi?"

"Tamu! Mteremko uko sawa, vijiti vina nguvu..." Kisha, kwa sauti ya chini: "Dada, haianguki. Naiachia ianguke, inakataa."

"Basi toa mikono."

"Siwezi."

Mthamini alicheka, akidhani ni utani wake wa siku zote, mpaka alipomshika kiwiko akakikuta baridi kama bomba la maji, akauchomoa waya ukutani na taa zisizimike, akamkamata kiunoni, yeye na mwenye ukumbi wakivuta kwa pamoja, huku harufu ya nywele zilizoungua ikipanda kutoka chini ya kioo, na kengele zikizidi kasi, na mdogo wake akitiririkwa na machozi bila sauti, mikono ikibonyeza, ikibonyeza, kana kwamba ina mwenyewe mwingine.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mnene asiye na maneno mengi. Alifukiza uvumba, akaweka kiganja kwenye kioo, akanong'ona, "Umechoka kukaa humo? Toka basi. Mwache mtoto wa watu." Akarudia na kurudia mpaka jasho likamlowesha. Ghafla gololi ikaanguka. Mikono ikaachia.

"Limetoka," mganga alisema.

Mthamini alimkumbatia mdogo wake, akashukuru mpaka maneno yakamwishia. Hakuuliza limekwenda wapi.

Nyumbani, mama yao, aliyepoteza macho kitambo, alikuwa amejilaza. Vidole akaketi kando yake.

"Shikamoo, mama."

 Mama akanyoosha mkono, akampapasa paji la uso, pua, mdomo, taratibu, kisha akaurudisha mkono kifuani upesi.

"Mwanangu," akamwita mthamini kwa kunong'ona, "mwenzio umemwacha wapi?"

Vidole akageuka kumtazama dada yake, akangoja jibu. Nje kulikuwa bado mchana, majirani wakianua nguo na kucheka. Apige kelele? Amwambie nani, aseme nini? Na mama yuko pale, kando ya yule.

"Ni yeye, mama," mthamini akasema. "Amechoka tu."

Yule akatabasamu, akauchukua mkono wa mama.